Haki ya Wafu

Mwanadamu hupenda mji wa kale kwa sababu tatu. Hupenda kuta zake, maana ndani yake huona kazi ya mikono iliyokwisha kuwa udongo. Hupenda kinywaji chake, maana kinywaji cha ugenini ni njia fupi ya kuingia katika maisha ya wenyeji. Tena hupenda hadithi zake za vizuka, maana hofu isiyo na hatari ni tamu. Kwa sababu hizo watu wa kila taifa husafiri, na miji iliyojua kuziweka pamoja hupata riziki. Mjini Edinburgh, katika Uskoti, wageni hushushwa usiku katika vyumba vilivyo chini ya daraja la kale wakasimuliwe habari za waliokufa humo. Katika mtaa wa Whitechapel, London, makundi huongozwa kila jioni kupita mahali walipouawa wanawake katika mwaka 1888, na mara nyingi matembezi huishia kwenye baa. Katika Mji Mkongwe wa Unguja mgeni hupitishwa Shangani, Malindi na Mkunazini, hunywa kahawa chungu au maji ya miwa pale Forodhani, kisha huambiwa ni nyumba ipi haifai mtu kulala peke yake.

Hapana ubaya katika kutazama kuta, wala hapana ubaya katika kuonja kinywaji ambacho dini ya mtu haimkatazi. Lakini kizuka si ukuta wala si kinywaji. Kizuka, hata kama hakipo, ni habari ya mtu aliyekuwako. Alizaliwa, akapewa jina, akala na kucheka, kisha akafa kifo ambacho kwa kawaida kilikuwa kibaya, maana waliokufa vitandani mwao katika utulivu hawasimuliwi usiku. Basi swali lazuka lenyewe: je, aliye hai ana haki ya kuburudika kwa mauti ya mwenziwe? Na ikiwa anayo, haki hiyo huanza lini, na mpaka wake ni upi?

Swali hili ni gumu kujibiwa katika miji mikubwa, kwa kuwa wafu wa huko ni wengi na jamaa zao hawajulikani tena. Laweza kutazamwa vizuri zaidi katika nchi ambayo baadhi ya wafu wake ni wa kale mno, wengine ni wa zama za babu, na wengine ni wa juzi. Delta ya Mto Rufiji pamoja na Kibiti ni nchi ya namna hiyo.

Mto Rufiji humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kwa milango mingi, ukielekea kisiwa cha Mafia. Kati ya milango hiyo umeota msitu wa mikoko upatao hekta 50,000 hivi, ambao ndio mkubwa kuliko yote ya namna yake katika Afrika ya Mashariki. Kutoka humo, kama kutoka Lamu, majahazi yalipakia boriti kwa muda wa karne nyingi yakazipeleka Unguja, Arabuni na Ghuba. Upana wa vyumba katika nyumba nyingi za kale za Unguja, ambao ni mita 3 hivi, haukuchaguliwa na fundi ila uliamuliwa na mti, kwa kuwa boriti ya mkoko haikuweza kubeba sakafu pana kuliko hiyo. Hivyo mgeni alalaye Shangani akisikia dari ikilia usiku wa manane, yamkini asikiacho si roho ya mfu. Huenda ni mti uliokatwa na mtu wa deltani aliyesimama katika tope hadi magotini. Mtu yule hatajwi katika hadithi yoyote ya vizuka. Hili ni jambo la kwanza la kukumbukwa, kwamba hadithi za wafu huchagua wafu wake.

Kabla ya kwenda mbele yafaa kuisikiliza lugha, maana lugha hufikiri kabla ya wasemaji wake. Kiswahili hakina neno moja la jambo hili. Mzimu ni roho ya mzee aliyetangulia, na pia ni mahali pa kumwendea, kama shina la mbuyu au pango lililo karibu na maji. Mzimu una wenyewe, kwa kuwa una wajukuu, na wajukuu wana wajibu nao. Pepo na jini ni viumbe wengine wasiokuwa watu. Kizuka ni kile kitokeacho ghafula mbele ya macho kisha kikatoweka, na hapana ajuaye ni cha nani. Lakini neno kizuka lina maana nyingine, nayo ni ajabu kubwa. Mwanamke aliyefiwa na mumewe, akakaa ndani kwa muda wa miezi minne na siku kumi, akiwa hajipambi wala hatoki bila haja, huitwa pia kizuka. Kivuli cha mfu na mke wa mfu wamepewa jina moja. Huenda waliotoa jina hilo hawakukusudia fundisho lolote, lakini fundisho limo: anayetafuta kizuka katika nyumba yenye msiba hana budi kupita kwanza mbele ya mjane.

Katika kisiwa cha Juani, ng'ambo ya delta katika visiwa vya Mafia, umo mji wa magofu uitwao Kua. Mgeni ashukaye Nyamisati, katika Wilaya ya Kibiti, akavuka kwenda Mafia, aweza kuufikia kwa mashua baada ya hapo. Atayaona mabaki ya jumba la mtawala lenye ghorofa, misikiti, makaburi, na mizizi ya miti iliyozikumbatia kuta kana kwamba inazishikilia zisianguke. Pia atasimuliwa hadithi. Husemwa kwamba watu wa Kisimani, mji mwingine wa Mafia ambao sehemu yake kubwa imekwisha kuliwa na bahari, waliunda chombo kikubwa wakawaalika watu wa Kua katika sherehe ya kukishua. Katika sherehe hiyo waliwakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, wakakipitisha chombo juu ya miili yao kwenda majini. Watu wa Kua hawakusema neno. Walingoja miaka mingi, mpaka ilipodhaniwa kwamba wamesahau, ndipo na wao wakawaalika watu wa Kisimani kwenye arusi. Wageni walikaribishwa katika chumba kilicho chini ya nyumba. Huku wakila na kufurahi, wenyeji walitoka mmoja mmoja kwa visingizio mbalimbali, hata akabaki mzee mmoja tu akiwazungumza. Kisha mlango ukajengwa kwa mawe na chokaa, na mzee akafa pamoja na aliokuwa akiwakirimu.

Hadithi hii ina kila kitu ambacho mpenda vizuka hukitaka: nyumba ya kale, karamu, na sauti za watu nyuma ya ukuta. Hata hivyo si hadithi ya kuchezea. Kiini chake ni mzee yule. Ikiwa alikubali kufa ili kisasi kitimie, basi hadithi yasema kwamba mlipa kisasi hujizika pamoja na adui yake, na kwamba ukarimu ukifanywa mtego, nyumba yote huwa kaburi. Watu walioihifadhi habari hii kizazi baada ya kizazi hawakuihifadhi kwa kutisha watoto tu. Walikuwa wakizionya jamaa mbili zilizokuwa jirani juu ya gharama ya chuki. Mtu aisikilizaye hivyo hakuwadhulumu wafu wa Kua. Ametenda kama mjukuu, ingawa hakuzaliwa huko.

Lakini Kua ina wafu wengine. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walitoka Madagaska kwa ngalawa zao, wakauvamia mji, wakaua watu wengi na kuwachukua wengine utumwani. Mji haukuinuka tena, na makao makuu ya visiwa vile yakahamia Chole. Hili ndilo tukio lililoumaliza mji, nalo ni tukio la kihistoria. Hata hivyo mgeni aondokaye Kua huondoka akiwakumbuka wageni waliofungiwa chumbani kuliko mateka waliovushwa bahari. Hadithi yenye mlango uliozibwa imewafunika watu waliopotea wazi katika mwangaza wa mchana. Hapana wa kulaumiwa kwa hayo, maana akili ya mtu hushika kisa kuliko orodha. Lakini mtu wa elimu anapaswa kujua kwamba kizuka kimoja kizuri chaweza kuwafukuza wafu mia kutoka katika kumbukumbu.

Na kinywaji je? Kinywaji kimekaa karibu na wafu tangu zamani, katika delta na kwingineko. Mgema hupanda mnazi na kibuyu chake alfajiri. Tembo analoteremsha ni tamu asubuhi, na jioni huwa kali, likafungua midomo iliyokuwa imefungwa. Barazani, kwa wale wasiogusa kileo, kahawa chungu hufanya kazi ile ile kwa njia ya halali, kwa kuwa huondoa usingizi, na pasipo usingizi maneno hupata nafasi. Kiko pia kinywaji cha mgonjwa, yaani kombe, ambalo ni maandishi matakatifu yaliyoandikwa kwa zafarani katika sahani, yakaoshwa kwa maji na kunywewa. Na mtu aendaye mzimuni kwa desturi ya wazee haendi mikono mitupu. Hupeleka ubani, marashi, unga au chakula, wala hanywi yeye kabla ya kutoa.

Tofauti ya vinywaji hivi ni kubwa kuliko tofauti ya ladha zake. Anywaye ili apate ujasiri wa kusikiliza habari za mauti hujitazama yeye mwenyewe, maana ataka kujua moyo wake utadunda namna gani. Amwagaye au atoaye kabla ya kunywa humtazama mwenziwe asiyeonekana. Mtu aweza kuzikataa imani za mizimu kabisa, kwa dini au kwa sayansi, naye hana kosa. Lakini adabu iliyomo katika tendo lile haimalizwi na kukanushwa kwa imani yenyewe. Adabu hiyo yasema: usichukue kwa wafu pasipo kuwapa kitu.

Mfano mkubwa wa watu waliowaendea wafu ulitokea katika nchi hii hii. Huko Ngarambe, kusini ya Mto Rufiji, katika mwaka 1904, mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale alipata habari kuu. Masimulizi yaliyokusanywa na mwanahistoria Gilbert Gwassa katika miaka ya 1960 yasema kwamba alipagawa na pepo Hongo, akavutwa ndani ya ziwa la maji, jamaa zake wakamngoja, na siku ya pili akatoka hali nguo zake ni kavu. Watu waliokuwa wakilazimishwa kulima pamba chini ya utawala wa Wajerumani walikuja kwake makundi kwa makundi. Aliwapa maji, akawaambia kwamba wazee waliokufa hawakupotea, na kwamba wale wa makabila mbalimbali walikuwa watu wa nyumba moja. Mwishoni mwa Julai 1905 vita ikaanza katika milima ya Umatumbi, na tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Vita ya Maji Maji iliendelea hata mwaka 1907. Wajerumani walikadiria kwamba watu 75,000 walikufa, na wanahistoria wa baadaye wametaja kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuteketezwa.

Watu wengi wamemhukumu Kinjikitile. Wako wamwitao mdanganyifu, na wako wamwitao baba wa umoja. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake iliyotolewa mwaka 1969, alimwonyesha kama mtu aliyebanwa na neno lake mwenyewe. Kwa swali lililo mbele ya insha hii hukumu yake si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni kwamba watu wa Ngarambe hawakuwaendea wafu ili wasisimke. Waliwaendea kwa sababu walio hai waliwadhulumu, na hapakuwa na baraza nyingine ya kushitaki. Waliwataka wafu wawe mashahidi na washirika. Yawezekana waliwatwika mzigo ambao mfu hawezi kuubeba, kwa kuwa mfu hazuii risasi. Lakini hata katika kukosea huko waliwahesabu wafu kuwa watu wenye haki na wajibu. Mgeni anayesikiliza habari ya ziwa la Ngarambe kama kioja cha maji na nguo kavu, asiulize kwa nini watu elfu walitembea kwa miguu kuja kwenye maji hayo, amewachukulia kisa akawaachia dhuluma yao.

Miaka michache baadaye delta ilipata mgeni wa chuma. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya mikoko. Ilizingirwa kwa miezi mingi, na tarehe 11 Julai 1915 ikaharibiwa na manowari za Severn na Mersey. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikakokotwa nchi kavu, ikatumika katika vita kwa miaka iliyofuata. Gofu lake lilionekana mtoni kwa miaka mingi kabla ya kumezwa na tope. Mabaharia wa Pegasus wana makaburi yao katika kisiwa cha Chapwani, karibu na mji wa Unguja. Meli ina jina, nahodha wake ana jina, na vitabu vyake ni vingi. Lakini wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika vita ile, wakichukua mizigo ya pande zote mbili, walikuwa makumi ya maelfu, na ni wachache mno walioandikwa jina juu ya jiwe. Mwezi wa Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri hadharani kwamba watu hao hawakukumbukwa kwa usawa na wenzao wa Ulaya. Maungamo yalichukua zaidi ya miaka 100. Ikiwa usiku katika mikoko husikika mlio wa kitu kizito kikivutwa, msimulizi ataunasibisha na meli. Mwenye haki angeunasibisha na mabega ya watu.

Yote hayo ni ya zamani, na zamani humruhusu mtu kutafakari kwa utulivu. Sasa yafaa kuja karibu. Kati ya mwaka 2015 na 2017 mauaji yalitokea Kibiti, Ikwiriri na vijiji vya jirani. Makumi ya watu waliuawa, wakiwamo viongozi wa vijiji na vitongoji, viongozi wa chama na askari. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliviziwa wakauawa Mkengeni. Ziko pia jamaa ambazo watu wao walitoweka katika siku hizo. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyeandika juu ya mauaji hayo, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017 na hajaonekana tena.

Na ichukuliwe kwamba msafiri mmoja anafika Kibiti jioni. Ni kijana mwenye adabu, hana nia mbaya. Amepita Unguja, amesikia vizuka vyake, na sasa angali na kiu ya habari. Anamwona mama mtu mzima akikaanga vitumbua kando ya njia. Anamsalimu, "Shikamoo, mama," naye anaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu." Kijana anakaa, anaonja, anasifu, kisha anauliza: "Mama, ni kweli kwamba hapa palikuwa na mauaji? Usiku watu huona nini?" Huenda mama yule akaondoa macho yake usoni pa mgeni, akakigeuza kitumbua katika chungu, akasema tu: "Mwanangu, nikufungie vingapi?"

Jibu hilo si ujinga, wala si woga peke yake. Ni sheria. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kijana alikuwa akitafuta kizuka kwa maana ya kwanza, naye alikuwa ameketi mbele ya kizuka kwa maana ya pili bila ya kujua. Mahali hapo pangali katika eda. Mtu aliyefiwa hasimulii kifo kwa kusisimua, kwa kuwa kwake hakijawa kisa. Kingali ni kitanda kitupu, ada ya shule isiyo na mlipaji, na jina ambalo watoto hawajui walitaje kwa sauti gani. Na kwa jamaa za waliotoweka hata eda yenyewe haijui ianze siku gani, maana wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani juu ya muda wa kumngoja aliyepotea. Aliyekufa ana kaburi, na kaburi ni mwisho wa swali. Aliyetoweka hana kaburi, na kwa hiyo hawezi kuwa mzimu wa wajukuu wala kizuka cha wapita njia. Ni swali linaloketi mezani kila jioni.

Watatokea wapingaji, nao wasikilizwe. Wa kwanza atasema kwamba wafu hawasikii, na kwa hiyo hawadhulumiwi. Neno hili lina nguvu kuliko linavyoonekana, wala halijibiwi kwa kumwita msemaji kafiri. Lakini haki haikukaa katika sikio la anayedaiwa tu. Mtu akiusia mali yake kwa yatima kisha akafa, yule anayeula wasia ule ametenda dhuluma, ingawa mfu hakumwona. Ahadi na heshima ni nyuzi zinazofungwa kati ya watu, na mauti hukata ncha moja tu. Ncha ya pili i mikononi mwa walio hai, nao ndio wanaoulizwa.

Mpingaji wa pili atasema kwamba masimulizi haya huleta riziki. Kijana aliyekosa kazi huongoza wageni, mwenye mashua huwavusha, mama huuza vitumbua. Ukikataza hadithi umekataza mkate. Hili ni kweli, na mwenye shibe asiwe mwepesi wa kumhukumu mwenye njaa. Hata hivyo riziki haigeuzi kila kitu kuwa bidhaa. Tena pesa za hadithi za kutisha mara chache huwafikia wajukuu wa waliotishwa. Huko Whitechapel, matembezi ya usiku yaliuza kwa miaka mingi jina la muuaji asiyejulikana, na wanawake watano wakabaki miili tu. Mwaka 2019 mwanahistoria Hallie Rubenhold alitoa kitabu juu ya maisha ya wanawake wale, wala si juu ya kufa kwao, na watu wengi wakakisoma. Kumbe wasomaji walikuwa tayari kununua ukweli. Waliokuwa hawajautoa ni wauzaji.

Mpingaji wa tatu ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote. Atasema kwamba mwanadamu hushinda hofu kwa kuicheka, na kwamba watoto wanaokaa gizani wakitishana kwa hadithi za majini wanajifunza ujasiri. Naam, ndivyo ilivyo. Lakini watoto wale hucheka hofu yao wenyewe. Kucheka hofu yako ni ushujaa, na kucheka hofu ya jirani yako ni ukatili, hata kama kicheko ni kile kile. Watu wa Kibiti siku moja wataisimulia miaka ile kwa namna waipendayo, yumkini kwa mzaha pia, maana hapana msiba ambao watu wa pwani hawakuutilia utani mwishowe. Siku hiyo ni yao kuichagua. Haichaguliwi na mgeni aliye na kiu.

Hapa yafaa kutahadhari na upande wa pili. Heshima kwa wafu yaweza kugeuzwa kuwa kifuniko. Yuko mtu ambaye husema, "Waacheni wafu walale," naye hamaanishi kuwastahi, bali ataka mambo yao yasichunguzwe. Ukimya wa mama mwenye vitumbua ni haki yake, kwa kuwa msiba ni wake. Ukimya wa mwenye wajibu wa kueleza ni jambo lingine kabisa, ingawa vimya viwili hivyo husikika sawa. Njia ya kuvitenganisha ni kuuliza: nani hunufaika kwa kunyamaza? Aliyefiwa hunyamaza na kupoteza. Mwenye hatia hunyamaza na kupata. Kwa hiyo anayezuia hadithi ya kuburudisha hana budi kudai habari ya kweli kwa nguvu ile ile, kama sivyo amewazika wafu mara ya pili.

Na ukweli wenyewe una sheria zake. Pale Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa hata lilipofungwa mwaka 1873, wageni huonyeshwa vyumba vya chini wakaambiwa kwamba humo watumwa walifungwa. Wako wanahistoria wasemao kwamba vyumba vile vilijengwa baada ya soko kufungwa. Mtu aweza kudhani kwamba kosa dogo kama hilo halina madhara, kwa kuwa biashara ya utumwa ilikuwako kwa yakini na uovu wake ulipita maneno. Madhara yapo. Anayetaka kuukana utumwa wote hutafuta chumba kimoja cha uongo, akakipata, akakitumia kukanusha vyumba mia vya kweli. Kumpamba mfu kwa uongo ni kumnyang'anya ushahidi wake.

Kutokana na hayo yote, jibu la swali laweza kutolewa. Aliye hai ana haki ya kusimulia na kusikiliza habari za waliokufa kifo kibaya, na kuona hata ladha ndani yake, maana ladha ndiyo ichukuayo habari kutoka kizazi hata kizazi. Lakini haki hiyo ina masharti matatu. La kwanza ni eda: hadithi ni mali ya wenye msiba mpaka wao wenyewe wafungue mlango, na muda wake hauhesabiwi na kalenda. Kua imekwisha fungua, Ngarambe ilimfungulia Gwassa, na Kibiti haijafungua. La pili ni jina: asimuliaye lazima awe ametafuta mfu alikuwa nani, alitoka wapi, na alidhulumiwa na nini, na asipopata aseme kwamba ni mtu asiyejulikana, asimtengenezee uso. La tatu ni sadaka: asikilizaye atoe kitu kabla ya kunywa. Kwa msafiri kitu hicho chaweza kuwa ujira wa haki kwa mwenyeji. Kwa mwanachuo chaweza kuwa miezi ya kukaa na wazee kuandika majina, kama walivyofanya waliokusanya habari za Maji Maji wakati mashahidi wake wangali hai. Kwa raia ni kuuliza habari za waliotoweka, bila kuchoka, mahali panapopasa kuulizwa.

Masharti haya hayaondoi utamu wa mji wa kale. Mtu atapita Shangani usiku, atakunywa kahawa yake, atasikia dari ikilia juu ya kichwa chake. Akijua kwamba boriti ile ilitoka Rufiji, na kwamba mkataji wake alikuwa na mama aliyemngoja arudi kutoka mikokoni, hofu yake itapungua kidogo. Mahali pake pataingia jambo lingine, zito zaidi na la kudumu: atajiona kwamba amelala katika nyumba ya watu.